MAJI YA REJETA NA MOTO WA PLAGI



Nani kati yetu hajapata kukaa kando ya barabara akingoja gari ipoe? Umetoka mjini na kikapu chako cha sokoni. Gari imejaa. Mnafika njiani, mara mvuke mweupe unafuka mbele. Dereva anasimama. Utingo anashuka na dumu, anatafuta nyumba ya karibu yenye kisima. Abiria mnakaa chini ya mwembe, na kila mmoja anageuka fundi. "Gari imechemsha," mnasema.

Kwamba maji hupoza injini, hilo kila mtu analijua. Lakini maji yale yana kazi nyingine, na kazi hiyo wengi hatuijui. Katika gari za petroli za siku hizi, joto la maji ni moja ya mambo yanayoamua plagi ipige cheche wakati gani. Maji na moto, ambavyo tumezoea kusema havikai pamoja, ndani ya injini vinasikilizana. Mmoja akidanganywa, mwingine anakosea.

Tumeona tulieleze jambo hili kwa sababu kukosea huko kunaharibu gari nyingi hapa Unguja, na gari ikiharibika shamba, hasara si ya mwenye gari peke yake.

GARI ILIYOTIBIWA MARA MBILI

Mwenye gari mmoja wa kijiji cha pwani ya mashariki alitueleza mkasa wake. Gari yake ni ndogo, ya abiria, ya miaka ya 1990, iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imekwisha tumika. Asubuhi hupeleka wachuuzi mjini. Usiku, akigongewa mlango, hupeleka wagonjwa. Kijiji kizima kinaijua honi yake.

Siku moja gari ilichemsha. Fundi wa kwanza akafungua, akatoa kidude kinachoitwa themostati, akakitupa. Akasema, "Bwana, hiki ni cha nchi za baridi. Hapa kwetu joto, hakina kazi." Maneno hayo yanaingia akilini. Hata sisi tungeyakubali.

Tangu hapo gari ikaanza kunywa petroli. Asubuhi ikawa nzito kama punda aliyegoma. Mwenye gari akaenda kwa fundi wa pili. Huyu akasikiliza, akasema moto umerudi nyuma. Akalegeza distribyuta, akaizungusha kidogo kidogo mpaka injini ikachangamka, akakaza. Wakati ule injini ilikuwa bado haijapata joto lake. Gari ikatoka pale inaruka. Mwenye gari akafurahi, akalipa.

Furaha haikudumu. Mchana, kwenye foleni ya Darajani, injini ikaanza kutoa sauti, ka-ka-ka, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Yeye akadhani ni petroli mbaya. Basi usiku mmoja alimpakia mama mwenye uchungu wa kuzaa, wanakimbilia hospitali. Kabla hawajafika Tunguu, gasketi ya silinda hedi ikaungua. Maji yakaingia kwenye oili, injini ikazima, giza totoro. Bahati njema ilipita gari nyingine, mama akafika, akajifungua salama. Gari yenyewe ilikaa gereji wiki tano, na kwa wiki tano kijiji hakikuwa na gari ya usiku.

Fundi wa kwanza alitibu maji. Wa pili alitibu moto. Hakuna aliyetazama vyote viwili pamoja.

CHECHE HAINGOJI

Hebu sasa tuingie ndani ya injini.

Ndani ya silinda, pistoni hupanda na kushuka. Ikishuka, huvuta hewa na petroli. Ikipanda, huugandamiza mchanganyiko huo. Ndipo plagi hupiga cheche. Mchanganyiko unaungua, unapanuka, unaisukuma pistoni chini kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo inayozungusha magurudumu.

Wengi hudhani petroli ile hulipuka mara moja, pu! Sivyo. Moto huanzia kwenye plagi, ukatambaa mpaka ukafika pembeni mwa silinda, kama moto unavyotambaa kwenye majani makavu ya shamba. Hutambaa upesi sana, kiasi cha sehemu mbili za elfu moja za sekunde, lakini hutambaa. Na injini nayo ina haraka. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, huzunguka mara 50 kwa sekunde moja. Katika muda ule mdogo wa moto kutambaa, shafti imekwisha kuzunguka sehemu ya kumi ya duara.

Kwa hiyo cheche haingoji pistoni ifike juu kabisa. Hupigwa kabla.

Chukua saa ya ukutani. Tuseme pistoni iko juu kabisa pale mshale unapoelekea kwenye namba 12. Duara zima la saa ni digrii 360. Kutoka namba moja mpaka namba inayofuata ni digrii 30. Injini ikiwa inanguruma tu na gari imesimama, cheche hupigwa kama digrii 10 kabla ya 12. Hizo hazifiki hata alama mbili za dakika. Injini ikienda mbio, cheche hupigwa mapema zaidi, mshale ukiwa karibu na 11. Hapo mafundi husema moto umekwenda mbele. Cheche ikichelewa, husema moto umerudi nyuma.

Je, kwa nini isipigwe mapema tu siku zote, mambo yakaisha? Mliokulia mjini mnazikumbuka pembea za sikukuu pale Kariakoo. Pembea ukiisukuma inapoanza kuondoka, inakwenda juu mpaka mtoto anapiga kelele za raha. Ukiisukuma ingali inakuja kwako, inakutegua mkono. Ndivyo ilivyo pistoni. Moto ukishika mapema mno, unaipiga pistoni ingali inapanda. Moto ukishika kwa kuchelewa, unaikimbiza pistoni iliyokwisha kwenda zake. Nguvu inapotea, na joto lililobaki linaishia kwenye ekzosi na kwenye maji.

Shikeni neno hilo la mwisho. Moto uliochelewa hupasha maji joto. Tutalirudia.

Gari za mwanzo zilimwachia dereva kazi hii. Ford Model T, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1908, ilikuwa na mkono mdogo chini ya usukani wa kupeleka moto mbele na kuurudisha nyuma. Kabla ya kuiwasha kwa hendeli, ilikuwa lazima moto urudishwe nyuma. Aliyesahau, hendeli iliweza kumvunja mkono. Baadaye ikaja distribyuta yenye vyuma vidogo na springi ndani yake, ikawa inapeleka moto mbele yenyewe kadiri injini inavyoongeza mwendo. Lakini distribyuta ile kwa kawaida haikujua habari ya joto. Asubuhi na mchana kwake ni mamoja.

MAJI YANAINGIAJE HAPA

Mama anayetaka chai iwe tayari saa 12 asubuhi huwasha jiko mapema. Kuni zikiwa na umande na mafiga ni ya baridi, huwasha mapema zaidi. Kuni zikiwa kavu na jiko lina makaa ya moto tangu usiku, akiwahi sana chai itafurika.

Injini ni vivyo hivyo. Ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri. Nyingine inaganda kwenye kuta za silinda kama umande. Moto unatambaa polepole. Basi cheche inatakiwa ipigwe mapema kidogo, digrii chache tu, ili moto ufike kwa wakati wake.

Injini ikiwa ya moto mno, mambo hugeuka. Hewa na petroli huingia zikapata joto kutoka kwenye kuta. Plagi inapiga cheche, moto unaanza kutambaa, lakini kabla haujafika pembeni, ile petroli ya pembeni imekwisha kupata joto na mgandamizo kupita kiasi. Inajiwasha yenyewe. Sasa kuna mioto miwili inagombana ndani ya silinda moja. Ile sauti ya misumari ndani ya kopo ndiyo hiyo. Mafundi husema injini inagonga. Ikigonga kidogo mara moja moja, si neno. Ikigonga kila siku, inakula pistoni, inaunguza gasketi, na joto linazidi, na joto likizidi inagonga zaidi. Dawa yake ni kurudisha moto nyuma kidogo, na kutafuta kwa nini maji yamepata joto.

Katika gari za sasa, kazi hii inafanywa na kisanduku cha kompyuta, ambacho mafundi wetu hukiita kontroli boksi. Lakini kisanduku kinajuaje kama injini ni baridi au ni ya moto? Hakina mkono wa kugusa. Kinaambiwa na sensa ya maji.

Sensa hii ni kipande kidogo cha shaba, urefu wake kama kidole. Ncha yake imezama ndani ya maji, aghalabu kwenye silinda hedi, na nyuma yake zimetoka waya mbili. Ndani yake mna kidude kinachozuia umeme. Kikiwa baridi kinazuia sana, kikipata joto kinaachia. Katika gari nyingi za Toyota, maji yakiwa nyuzi 20 za joto, fundi akipima kwa mita atapata kati ya omu 2,000 na 3,000. Maji yakifika nyuzi 80, atapata kama 300 tu. Kisanduku kinasoma umeme unaopita, kinajua joto, kinaamua petroli kiasi gani na cheche saa ngapi.

Zingatieni kwamba kisanduku kinaamini kila kinachoambiwa. Sensa ikifa, au waya ukaoza kwa chumvi ya pwani, kisanduku kitadhani injini ni barafu tupu. Kitamwaga petroli nyingi, kitapeleka moto mbele, na injini kumbe ni ya moto. Gari nyingine zina akili kidogo. Zikiona habari zisizowezekana, huwasha taa ya injini kwenye dashibodi, na kisanduku kinajichagulia nyuzi 80 kiendelee na safari. Taa ile wengine huiziba kwa kipande cha gundi. Hilo tunaliona kwa macho yetu kila siku.

Tena, katika gari nyingi za miaka ya 1990, sensa inayoambia geji ya dereva siyo ile inayoambia kompyuta. Ni mbili tofauti. Geji inaweza kumwambia dereva kila kitu salama, huku kompyuta inapewa uongo. Dereva anaapa kwamba gari haina joto, na fundi anasikia injini inagonga. Wote wawili wanasema kweli.

Hatutasahau gari za dizeli. Zenyewe hazina plagi za cheche. Dizeli hujiwasha kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Hata hivyo kwenye dizeli za kompyuta joto la maji hutazamwa pia, ili kujua dizeli imwagwe wakati gani.

Na gari mpya zaidi za petroli hufanya jambo la kustaajabisha. Zikiwashwa asubuhi, kwa muda mfupi hurudisha moto nyuma makusudi, kinyume na tulivyoeleza. Sababu yake ni kile kisafishio cha moshi kwenye ekzosi, ambacho hakifanyi kazi mpaka kiwe cha moto. Kumbukeni tulisema moto uliochelewa hupeleka joto kwenye ekzosi. Basi wameutumia ubaya ule kwa wema.

GARI ZA MASHINDANO

Mambo haya yanaonekana wazi zaidi kwenye gari za mbio, kwa sababu gari ya mbio huendeshwa ukingoni. Wazee wanayakumbuka mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Redioni tulisikia majina kama Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo, tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Tukamsikia Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara tano, mara nne kati ya hizo zikifuatana, 1979 mpaka 1982.

Gari zile zilipita kwenye tope la mvua za masika na vumbi la ukame. Tope likiziba rejeta, hewa haipiti. Hewa isipopita, maji yanapanda joto. Maji yakipanda, injini iliyosetiwa moto wake mbele kabisa ili itoe nguvu zote, inaanza kugonga. Distribyuta haitambui habari hiyo. Dereva mwenyewe ndiye anayesikiliza na kupunguza mguu, au anasimama na kuosha rejeta huku wenzake wanampita.

Siku hizi vijana wa mjini wanapenda gari kama Subaru Impreza yenye tabo, na Toyota Altezza. Subaru ile inasukumiwa hewa ndani kwa nguvu. Altezza inagandamiza mchanganyiko kiasi cha mara 11. Katika injini za namna hii nafasi kati ya nguvu nyingi na kugonga ni nyembamba kama uzi. Hivyo kompyuta zake hazikuachiwa sensa ya maji peke yake. Kuna na sikio, sensa iliyofungwa kwenye ubavu wa injini, inasikiliza mgongo. Ikisikia tu, moto unarudishwa nyuma mara moja.

Wanaotengeneza gari za mbio huandika ndani ya kompyuta jedwali kama la hesabu za skuli. Upande mmoja joto la maji, upande wa pili digrii za kuongeza au kupunguza. Kwa mfano, maji yakiwa kati ya nyuzi 80 na 95, usiguse kitu. Yakifika 100, rudisha digrii 2. Yakifika 105, rudisha 4. Namba zinatofautiana kwa kila injini, lakini mtindo ni huo. Ndiyo sababu kijana anayefukuzana na wenzake mchana wa jua la Februari husema gari yake "imechoka". Haikuchoka. Maji yamepata joto, kompyuta imeogopa, imempunguzia nguvu ili isivunjike. Anayemwambia fundi aizime hofu hiyo ya kompyuta, basi aanze kuweka akiba ya pistoni mpya.

KIDUDE KILICHOTUPWA

Sasa turudi kwenye ile themostati.

Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu, yanapata joto upesi. Yakifika nyuzi 82 hivi, nta iliyo ndani yake inayeyuka na kupanuka, inausukuma mlango, maji yanakwenda rejeta kupozwa. Yakipoa sana, mlango unarudi. Ndivyo joto linavyowekwa mahali pamoja.

Kweli, nje Unguja kuna joto la nyuzi 30. Lakini injini inataka nyuzi 80 na zaidi. Kati ya 30 na 80 pana mbali. Ukiitoa themostati, gari ikiwa inakwenda barabara tupu na upepo unapuliza rejeta, maji hayafiki joto lake. Kompyuta inasoma nyuzi 55 au 60, inasema injini bado ni ya asubuhi. Inaendelea kumwaga petroli ya asubuhi safari nzima. Ndiyo maana ile gari ikanywa mafuta.

Na kwenye foleni je? Hapa pana mtego. Katika injini nyingi za Toyota, themostati ina kisahani cha pili chini yake. Mlango mkubwa ukifunguka, kisahani hicho hufunga njia ya mkato. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi. Sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita rejeta. Barabarani huoni ubaya, upepo unaficha. Darajani kwenye foleni, hakuna upepo, rejeta imeziba nusu, maji yanapanda. Gari ile ile inakuwa baridi mno asubuhi na ya moto mno mchana.

Ukiongeza na moto uliopelekwa mbele kwa sikio wakati injini ni baridi, mnaona wenyewe. Kilichokuwa kitamu saa 1 asubuhi kiligeuka sumu saa 7 mchana.

CHUMVI YA VISIMA VYETU

Lakini kwa nini gari ilichemsha tangu mwanzo? Hili ndilo swali ambalo halikuulizwa.

Fundi wa tatu, wa gereji moja ya Mwanakwerekwe, aliifungua rejeta ikiwa baridi, akaingiza kidole, akakitoa cheupe. "Maji unatia ya wapi?" akauliza. "Ya kisimani kwetu," akajibu mwenye gari. Fundi akacheka, lakini si kwa kumdharau.

Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya visima, hasa upande wa maweni, yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Tazameni birika la chai la zamani. Ndani lina ukoko mweupe. Ukoko huo huo unaota ndani ya mirija ya rejeta, ambayo ni myembamba kama majani ya mkindu. Unaota pia juu ya sensa ya maji, ikawa kama mtu aliyevaa koti. Joto linaichelewa, nayo inachelewa kuiambia kompyuta. Chumvi nayo inakula alumini ya silinda hedi.

Maji mazuri ni yale yaliyochujwa yanayouzwa kwa ajili ya betri na rejeta, yakichanganywa na kulanti. Kulanti huzuia kutu na huyafanya maji yachelewe kuchemka. Asiyeweza kuyapata, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi ni bora mara nyingi kuliko ya kisima, nayo hayauzwi.

Kuna jambo jingine dereva alijue. Maji yakipungua sana, sensa inabaki hewani. Haigusi maji, inasoma uongo. Geji iliyokuwa imepanda inaweza kushuka ghafla huku injini inaungua. Ukiona hivyo usimshukuru Mungu ukaendelea na safari. Simama. Zima. Wala usifungue kifuniko cha rejeta kwa moto ule. Kifuniko kinayabana maji, yanafika nyuzi zaidi ya 100 bila kuchemka, na ukikilegeza tu yote yanachemka kwa mara moja na kukurukia usoni. Ngoja mpaka mpira wa rejeta uweze kuushika kwa mkono. Maji baridi nayo usiyamwage kwenye injini ya moto, hedi itapasuka.

NAMNA ILIVYOTENGENEZWA

Kazi ya fundi wa tatu ilichukua muda mrefu kwa sababu ya hedi. Alipomaliza hedi na gasketi, alisafisha rejeta, akaweka themostati mpya na sensa mpya, akajaza kulanti. Sensa na themostati ndizo zilikuwa rahisi kuliko vyote. Hedi ndiyo iliyomaliza akiba ya mwenye gari, tena akakopa kwa shemeji yake.

Kisha akaseti moto, na hapa tulisimama tukatazama. Hakugusa distribyuta kwanza. Aliiacha injini ingurume mpaka feni ikajiwasha na kujizima, yaani maji yamefika joto lake. Halafu akachukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili ndani ya kile kiboksi kidogo chini ya boneti, yaliyoandikwa TE1 na E1. Maana yake ni kuiambia kompyuta, "Ngoja kwanza, usiongeze wala usipunguze." Bila waya huo, fundi anavuta na kompyuta inavuta, hakuna atakayejua nani amefanya nini. Akamulika ile puli ya mbele kwa taa ya kuseti moto. Taa inawaka kila plagi inapopiga, na alama ya kwenye puli inaonekana kama imesimama. Akaizungusha distribyuta taratibu mpaka alama ikakaa kwenye digrii 10. Akakaza. Akatoa waya, na moto ukaenda mbele wenyewe.

Tulimwuliza alama ilikuwa wapi alipoipokea gari. "Ishirini na kitu," akasema.

Gari mpya zaidi hazina distribyuta ya kuzungusha. Kila plagi ina koili yake, na moto unasetiwa na kompyuta peke yake. Hapo kazi ya fundi ni kuhakikisha kompyuta inaambiwa kweli, basi. Apime sensa, atazame waya, ahakikishe maji yamejaa na themostati ipo.

Mwenye gari sasa ana pipa la maji ya mvua nyuma ya nyumba, limefunikwa kwa bati. Watoto wamekatazwa kulichezea. Alituonyesha na dumu moja ndani ya gari, chini ya kiti cha nyuma, limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe kwa chaki: YA REJETA, SI YA KUNYWA.